Birika letu limetoka wapi? Historia ya chombo cha chai toka Ujiji hadi Baraka

Baraka, Fizi. Leo hatuwaletei habari ya mapigano wala ya kikao cha viongozi. Tunawaletea historia ya chombo kimoja ambacho karibu kila nyumba ya kwetu inakijua: birika.

Wengine watauliza: birika nalo lina historia? Linayo, na ni historia yetu. Historia tunayosimuliwa mara nyingi ni ya vita, ya mipaka na ya majina ya wakubwa. Vyombo vya jikoni havitajwi humo. Lakini chombo cha jikoni ni shahidi mzuri. Jina lake linaonyesha lilikopita, umbo lake linaonyesha nani alilibuni, na kitu kilichotumika kulitengeneza kinaonyesha nani alikuwa na nguvu wakati ule. Tena ni kati ya vitu vichache ambavyo mama anavikamata mkononi anapokimbia. Kwa sababu hiyo tumeona ni vizuri kulizungumzia.

Jina lake

Tuanze na jina. Neno birika tumelipata kutoka Kiarabu, ibriq. Waarabu nao walilichukua kwa Waajemi, watu wa nchi inayoitwa leo Irani, na kwao maana yake ya asili ilikuwa "kumwaga maji". Kumbe ndani ya jina mna kazi yenyewe: chombo cha kumiminia. Neno hilo lilivuka bahari likafika pwani ya Waswahili, likapanda na misafara ya biashara hadi Tabora na Ujiji, kisha likavuka ziwa likafika huku.

Neno chai nalo lina safari yake. Asili ya chai ni China. Sehemu kubwa ya China wanaiita cha, na neno hilo lilisafiri kwa njia ya nchi kavu hadi kwa Waajemi, Wahindi na Waarabu, ndipo likatufikia sisi. Lakini katika jimbo la Fujian, penye bandari, watu waliita te. Waholanzi waliokwenda kule kwa meli wakalileta neno hilo Ulaya, Wafaransa wakasema thé. Mtoto wa Baraka akiwa darasani anasema thé, akirudi nyumbani anasema chai. Ni maneno mawili ya jani moja, na kila moja linaonyesha njia lililopitia.

Kwenye pwani ya Tanzania na Kenya watu hutofautisha. Birika ni la kuchemshia maji, na buli ni lile dogo la kuwekea chai mezani. Kwetu wengi tunasema birika tu, na linabeba maana zote mbili. Jambo hilo si kosa. Linaonyesha kwamba mabirika ya namna mbili yalikutana hapa na yakapewa jina moja, kama tutakavyoona.

Kabla ya birika: nyungu

Tukumbushe kwamba watu wa mwambao wa Tanganyika hawakungoja birika ili wajue kuchemsha maji. Walikuwa na nyungu. Nyungu ilijengwa kwa mkono, bila gurudumu la kuzungusha: udongo uliopondwa na kulowekwa unaviringishwa kama kamba, kamba moja inawekwa juu ya nyingine, kisha pande zinalainishwa kwa kibuyu au jiwe. Baada ya kukaushwa kivulini, nyungu zinapangwa wazi na kuchomwa kwa kuni na majani. Katika Kivu, Burundi na Rwanda, wamama wa Kitwa (Wambuti kama wengi wanavyowaita) walijulikana sana kwa kazi hii, na jamii nyingine zilinunua kwao.

Nyungu ilikuwa na faida zake. Inashika moto muda mrefu, na ile ya maji ya kunywa inapoza maji kwa sababu udongo unapumua. Lakini haina mdomo wa kumiminia. Ukitaka maji unachota kwa kata. Weka neno hili akilini, kwa maana tutalirudia tutakapofika kwenye habari ya kolera.

Misafara na dele la shaba

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walifika Ujiji na kuifanya mji wa soko. Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa pili mwaka 1858, walikuta biashara hiyo imekwisha kukaa. Mwaka huohuo walipanda mitumbwi kuelekea Uvira, wakapita upande wetu. Burton aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Sisi tunaokaa hapa tunajua kwamba ni rasi iliyoshikana na nchi kavu, lakini hadi leo ramani zinaita ghuba iliyo mbele ya Baraka kwa jina lake, Ghuba ya Burton. Na jina Baraka lenyewe ni neno la Kiarabu. Hiyo ni alama nyingine ya wakati ule.

Misafara ilileta vitambaa, shanga, waya wa shaba na bunduki. Wafanyabiashara walikuwa pia na vyombo vyao vya nyumbani, na Mwislamu alihitaji vyombo viwili vyenye mdomo: kimoja cha maji ya kutawadha kabla ya swala, kingine cha kahawa ya wageni. Chombo cha kahawa ndicho pwani wanachokiita dele au mdila. Ni kirefu, chini ni kipana, kati ni chembamba, mdomo wake umepinda, na kifuniko chake kina ncha juu. Kilifuliwa kwa shaba, na ndani kilipakwa bati ili shaba isiharibu kahawa. Lamu na Zanzibar wauza kahawa walizunguka nacho kikiwa juu ya kijiko cha makala, wakigonganisha vikombe ili watu wasikie kwamba kahawa imefika.

Chombo hicho kina heshima hadi leo. Katika nchi za Kiarabu kinaitwa dalla, na mji wa Nizwa kule Omani unajulikana kwa wafua shaba na fedha. Nchi ya Falme za Kiarabu imeweka picha yake kwenye sarafu ya dirhamu 1. Mwaka 2015 UNESCO iliandika desturi ya kahawa ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa wanadamu, kwa ombi la Omani, Saudia, Katari na Falme za Kiarabu.

Lakini hatuwezi kusimulia habari hii kwa utamu tu. Misafara iliyoleta dele la shaba ndiyo iliyorudi pwani na pembe za tembo na watu waliofungwa minyororo. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, David Livingstone aliona kwa macho yake mauaji ya watu wengi sokoni Nyangwe, katika Maniema, yaliyofanywa na watu wa wafanyabiashara hao. Mwambao wetu nao uliteseka. Mapadri Weupe waliofika eneo la Ubwari katika miaka ya 1880 na kujenga misheni ya Kibanga waliikuta nchi inayoogopa mitumbwi ya watekaji. Baadaye mtu wa Ujiji aliyeitwa Rumaliza alitawala biashara hiyo kaskazini mwa ziwa, mpaka vita vya 1892 hadi 1894 kati ya watu wa Leopold II na Waarabu vilipovunja nguvu zao. Kisha wale walioshinda wakaleta mateso yao wenyewe.

Kwa hiyo birika liliingia huku kwa mlango wa machozi. Waliolileta wameondoka au wamegeuka kuwa wenyeji, na birika limebaki. Leo liko kwa Mwislamu na kwa Mkristo, kwa Mbembe, Mfuliiru, Munyamulenge, Mbuyu, Mmasanze na Mzoba, na hakuna anayesema "hiki ni chombo cha wageni".

Birika la pili: kutoka China kupitia Ulaya

Birika la chai, lile la mviringo na mdomo mfupi, lina ukoo mwingine. Zamani Wachina hawakuhitaji birika la chai. Majani yalisagwa na kushindiliwa kama mkate, kisha unga wake ulikorogwa katika bakuli. Mwaka 1391 mfalme Hongwu aliamuru kwamba watu wasimletee tena chai iliyoshindiliwa, walete majani makavu. Desturi ikageuka. Majani makavu yanahitaji chombo cha kuyaloweka katika maji ya moto na kuyazuia yasiingie kikombeni. Ndipo katika karne ya 16 wafinyanzi wa mji wa Yixing wakajulikana kwa mabirika madogo ya udongo wa rangi ya zambarau. Hawakuyapaka vioo vya rangi, na watu wa kule husema udongo ule unashika harufu ya chai hata birika likizeeka.

Meli za Waholanzi na Waingereza zilipobeba chai kupeleka Ulaya, zilibeba na mabirika. Wazungu waliyaiga. Kule Meissen, Ujerumani, kiwanda kilianza mwaka 1710 kutengeneza kaure kama ya China. Baadaye umbo lilelile likatengenezwa kwa fedha, kwa bati, kwa chuma kilichopakwa rangi, na hatimaye kwa aluminiamu.

Kwa hiyo, msomaji, liangalie birika lililo jikoni kwako. Kama ni refu, mdomo wake ni mwembamba na umepinda kama shingo ya bata, ukoo wake ni wa Waajemi na Waarabu. Kama ni la mviringo, tumbo nene na mdomo mfupi, ukoo wake ni wa China kupitia Ulaya. Koo hizi mbili zilizunguka dunia kila moja kwa njia yake, zikakutana katika soko la Baraka.

Reli, meli na vyombo vya rangi nyeupe

Kilichofanya birika lishuke kutoka nyumba ya tajiri hadi nyumba ya mvuvi ni usafiri. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata meli ya Wajerumani, ambayo leo tunaiita Liemba, iliteremshwa ziwani, na upande wa Kongo reli ya kutoka Kabalo ilifika Albertville, yaani Kalemie. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana kwamba Wabelgiji wawe na sehemu yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, pale palipoitwa Belbase. Tangu hapo bidhaa za viwanda zilikuwa na njia ya moja kwa moja toka bahari hadi ziwa letu.

Kati ya bidhaa hizo kulikuwa na vyombo vyeupe vyenye ukingo wa bluu, ambavyo wazee wanavikumbuka. Wengi walidhani ni udongo wa kizungu. Kwa kweli ni bati la chuma lililopakwa unga wa kioo na kuchomwa kwenye joto la nyuzi 800 hivi, mpaka kioo kikayeyuka na kushikana na chuma. Kioo kinazuia kutu na ni rahisi kuoshwa. Ubaya wake, kikianguka kinabanduka, na pale kilipobanduka chuma kinaanza kuoza. Ndiyo maana birika jeupe la bibi mara nyingi lina madoa meusi na tundu lililozibwa.

Wakati huo chai nayo ilisogea karibu. Kenya ilianza kupanda chai Limuru mwaka 1903. Upande wetu walowezi wa Kibelgiji walipanda kahawa na chai katika milima ya Kivu, na Kabare ina mashamba ya chai hadi leo. Kazi ngumu ya mashamba ilifanywa na watu wetu, lakini majani mazuri yaliuzwa ng'ambo. Kilichobaki kwetu ni desturi: chai ya rangi yenye sukari asubuhi, na neno "kunywa chai" likawa na maana ya chakula cha asubuhi, hata kama kikombeni mna uji.

Fundi na aluminiamu

Aluminiamu ni madini ambayo zamani yalikuwa ghali sana. Mwaka 1886 Mmarekani Hall na Mfaransa Héroult, kila mmoja peke yake, waligundua njia ya kuyatoa kwa umeme, na bei ikaanguka. Leo ndiyo madini ya sufuria zetu. Na kwa kuwa yanayeyuka kwenye nyuzi 660 tu, fundi mwenye makala mazuri na kivuvio anaweza kuyayeyusha nyuma ya nyumba. Chuma kinahitaji zaidi ya nyuzi 1,500. Hiyo ndiyo sababu ya kuona mafundi wa sufuria katika miji mingi ya Afrika, kutoka Dakar hadi Bukavu.

Kazi yenyewe ni ya akili. Fundi anachukua sufuria iliyokwisha kutengenezwa iwe mfano. Anaizungushia mchanga mwembamba wenye unyevu kidogo ndani ya masanduku mawili ya mbao, anaushindilia, anafungua masanduku, anatoa mfano bila kuharibu mchanga, anayafunga tena. Mahali ulipokuwa mfano panabaki pengo, na huko ndiko anamimina aluminiamu iliyoyeyuka. Ikipoa, anavunja mchanga, anakata mabaki, anapiga tupa. Mchanga huohuo unatumika tena kesho.

Sufuria ni rahisi kuliko birika. Sufuria iko wazi juu. Birika lina tumbo pana na shingo nyembamba, na lina mdomo wenye tundu ndani. Mara nyingi mdomo hutengenezwa peke yake kisha huungwa na tumbo. Fundi wa bati naye ana njia yake: anakata bati, anakunja pindo mbili zishikane kama vidole, anazigonga mpaka maji yasipite. Wengi wetu tumekwisha kuona makopo ya mafuta ya msaada yakigeuzwa kuwa vibatari, vikombe, hata mabirika. Huo ni ufundi wa kweli, na haukufundishwa na mradi wowote.

Hata hivyo kuna hatari ambayo lazima tuiseme. Mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo ya kupima vyombo vya aluminiamu vilivyotengenezwa na mafundi wadogo katika nchi 10, zikiwemo Kenya na Tanzania. Walikuta kwamba baadhi yake vinatoa madini ya risasi ndani ya chakula. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto polepole, na huwezi kuiona wala kuionja. Inaingia pale fundi anapochanganya vyuma vya kila aina: rejeta za gari, vipande vya mashine, vyuma vya betri. Kwa hiyo ndugu mafundi, chagueni vyuma vyenu: sufuria kuukuu na vipande vya aluminiamu safi ni bora, na chochote cha betri kisikaribie moto wenu. Nanyi wamama, msiache vitu vikali kama ndimu au tomati vikae muda mrefu katika vyombo hivyo.

Siri nne za birika zuri

Mtu anaweza kudhani kwamba umbo la birika ni mapambo. Hapana. Kuna mambo manne ambayo fundi lazima ayajue.

La kwanza, ncha ya mdomo isiwe chini kuliko ukingo wa tumbo. Ikiwa chini, maji yatamwagika kabla birika halijajaa.

La pili, kifuniko kiwe na tundu dogo. Maji yanapotoka, hewa lazima iingie. Bila tundu, chai inatoka kwa kukatakata na inaruka nje ya kikombe.

La tatu, mkono wa kushikia uwe mahali ambapo uzito hauvuti mkono wa mmiminaji, nao uwe mbali na moto au uzungushiwe kitu kisichopitisha joto.

La nne ndilo gumu: ncha ya mdomo iwe kali. Kila mtu ameona chai inayokataa kuruka na kuteremka chini ya mdomo mpaka inalowesha meza. Jambo hili limewasumbua hata wanasayansi. Mwaka 1956 Markus Reiner aliliandikia na kulipa jina, tabia ya birika. Mwaka 1999 wataalamu Vanden-Broeck na Keller walipewa ile tuzo ya kuchekesha inayoitwa Ig Nobel kwa hesabu zao juu ya mdomo usiodondosha. Hesabu ni ngumu, lakini dawa ambayo mafundi wameijua siku nyingi ni ileile: ukingo mwembamba uliokatwa vizuri, na kumimina bila kusitasita.

Mzee wa katuni

Vijana wanaotazama katuni kwenye simu watafurahi kujua kwamba birika limefika hata huko. Katika mfululizo wa Kimarekani unaoitwa Avatar: The Last Airbender, uliotolewa kati ya mwaka 2005 na 2008, kuna mzee aitwaye Iroh. Alikuwa jenerali. Aliuzingira mji mkubwa wa Ba Sing Se siku 600, mwanawe akafa katika vita hivyo, akaacha mapigano. Baadaye yeye na mtoto wa ndugu yake wanaingia katika mji uleule kama wakimbizi, wakificha majina yao, na kazi anayoipata ni kupika chai. Anaifanya kwa upendo mpaka anafungua duka lake mwenyewe.

Wachoraji wa mfululizo huo waliiga sana vitu vya Asia, pamoja na vyombo vya chai vya China tulivyovitaja. Lakini sisi tunaona jambo lingine. Mtu aliyepoteza cheo, nyumba na mtoto, akiwa na maji, moto na birika, anaweza bado kumkaribisha mtu. Watu wa Fizi hawahitaji katuni kuwafundisha hilo, wamelifanya kwa miaka mingi.

Kukimbia na birika

Mwaka 1996 vita vilipoanza, makumi ya maelfu ya watu wa Fizi na Uvira walivuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo, na kambi ya Lugufu ikafuata. Kuanzia 2005 wengi walirudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Wengine hawajarudi hadi leo, na watoto waliozaliwa Nyarugusu sasa wana watoto wao. Mwaka 2015 ikawa zamu yetu kupokea: Warundi walipokimbia, kambi ya Lusenda ikafunguliwa hapahapa Fizi. Na katika miaka yote hiyo vijiji vya Fizi vimeendelea kuhama na kurudi, na kuhama tena.

Anayekimbia hawezi kubeba kila kitu. Anabeba mtoto, nguo, sufuria, na mara nyingi birika, kwa sababu ni jepesi, lina mkono wa kushikia, na linabeba maji ya njiani. Akifika, msaada ukija, anapata vyombo. Mwongozo wa Sphere wa mwaka 2018, ambao mashirika mengi hufuata, unasema kila familia ya watu wanne au watano ipate sufuria mbili zenye mikono na vifuniko, beseni, kisu cha jikoni na vijiko viwili vya kupakulia, na kila mtu sahani yake, kijiko chake na kikombe chake. Ni orodha nzuri. Lakini birika halimo.

Wengine watasema birika ni anasa, watu wapate kwanza unga. Hatukatai kwamba unga ni wa kwanza. Lakini tufikiri. Mwambao wa Tanganyika, kutoka Uvira hadi Kalemie kupitia Fizi, umeishi na kolera tangu miaka ya 1970. Kolera inapita katika maji, na mara nyingi maji yanachafuliwa nyumbani: yamekwisha kuchemshwa au kutiwa dawa, kisha mtoto anatumbukiza kikombe na mkono mchafu. Birika lina kifuniko na mdomo. Maji yanachemshwa humo, yanapoa humo, yanamiminwa bila mkono kugusa. Kile ambacho nyungu na ndoo haviwezi kufanya, birika linafanya. Kwa Mwislamu ni chombo cha udhu pia. Na kwa kila mtu ni chombo cha kunawisha wageni mikono kabla ya kula.

Tena kuna heshima. Kwa desturi yetu mgeni haulizwi kama ana kiu, analetewa. Familia iliyokaa chini ya turubai, ikiweza kumpa jirani kikombe cha chai, haijawa ya kupokea tu. Inatoa pia. Hicho si kitu kidogo kwa mtu aliyepoteza shamba na nyumba.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwa mashirika: mnapogawa vyombo Fizi, ulizeni wamama kama birika linaweza kuongezwa, na nunueni kwa mafundi wa hapa baada ya kupima vyuma vyao, ili fedha ibaki Baraka. Kwa mafundi: chukueni vijana wafundishwe, wakiwemo waliohamishwa, kwa maana fundi akikimbia bila mwanafunzi, kazi inakimbia naye. Kwa wazee: tuambieni majina ya vyombo vya zamani katika Kibembe, Kibuyu, Kizoba na lugha zenu nyingine, na jinsi nyungu zilivyochomwa. Anayekumbuka aseme sasa, watoto waandike kwenye daftari.

Plastiki na termosi vimejaa sokoni, na havitaondoka. Lakini plastiki haiwekwi kwenye mbabula. Maadamu kuna makala, maji ya ziwa na mgeni mlangoni, birika lina kazi ya kufanya hapa kwetu.

Ni mimi mwandishi wenu, Baraka, teritwari ya Fizi, Kivu ya Kusini.